Mizani ya Vyuo vya Biashara

Zimeenea ulimwenguni orodha za kuvipanga vyuo vya biashara: hiki cha kwanza, hiki cha pili, hiki cha mia. Wako wazazi waziaminio kama hati ya kadhi, wakauza kiwanja ili mtoto aingie chuo kilicho juu. Twauliza: je, daraja la chuo ni ahadi ya kazi na mshahara?

Tuitazame orodha ya gazeti la Financial Times la London, iliyoanza mwaka 1999. Wahitimu huulizwa mapato yao miaka 3 baada ya kutoka chuoni. Tangu mwaka 2023, mshahara huchukua alama 16 katika kila 100, na ongezeko la mshahara 16 nyingine. Lakini mishahara hiyo husawazishwa kwa gharama za maisha za kila nchi, basi siyo fedha aipokeayo mtu mkononi. Tena huhesabiwa aliyejibu tu. Asiyepata kazi huenda akanyamaza kwa haya. Na wengi waingiao vyuo vya juu walikwisha kuwa na kazi nzuri. Kufaulu kwao si kwa chuo peke yake.

Liko kubwa zaidi. Huko Marekani, chuo cha biashara cha Chuo Kikuu cha Temple kilishika nafasi ya kwanza miaka 4 mfululizo katika orodha ya U.S. News ya masomo ya uzamili kwa intaneti. Mwaka 2018 ikabainika kuwa chuo kilidai wanafunzi wapya wote walileta alama za mtihani wa kuingilia. Kumbe ni kama 1 katika kila 5. Aliyekuwa mkuu wake, Moshe Porat, alitiwa hatiani mwaka 2021, na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miezi 14.

Sura Al-Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo. Basi hesabu nayo ni kipimo, na aliyepunjwa hapa ni mwanafunzi aliyelipa ada.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kulipa, kiulize chuo: Wamehitimu wangapi? Wangapi walijibu? Wangapi walipata kazi katika miezi 3? Yule aliye katikati ya safu alipata kiasi gani? Maana wastani hupandishwa na matajiri wachache. Chuo kijibucho wazi, hata kikiwa cha 80, ni bora kuliko cha kwanza kifichacho.

Riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini tumfunge ngamia kwanza, ndipo tutawakali.