Barua pepe ya mwanahabari usiyemjua: ni ombi la kweli au ni mtego?

Ombi la mahojiano likikufikia ghafla kwa barua pepe, usiharakishe kulijibu wala kulifuta. Huenda limetoka kwa mwandishi wa habari anayehitaji kweli maelezo yako. Huenda pia limetoka kwa mdukuzi.

Mwezi Novemba 2019, msomi mzaliwa wa Iran anayeishi Ujerumani alipokea ombi la namna hiyo kwa jina la Farnaz Fassihi wa gazeti la Marekani la Wall Street Journal. Barua ilimmiminia sifa na kumwomba aeleze mafanikio yake ili kuwatia moyo vijana wa nchi yao. Ikafuata nyingine, iliyomtaka aingize neno la siri la akaunti yake ya Google ndipo ayaone maswali. Fassihi hakuziandika barua hizo, na mwaka huohuo alikuwa amekwisha kuhamia New York Times. Kwa mujibu wa shirika la habari la Reuters, watafiti walilihusisha jaribio hilo na kundi la Charming Kitten, linalodaiwa kuitumikia serikali ya Iran. Iran imekanusha kuhusika na udukuzi.

Juni 2023, Marekani na Korea Kusini nazo zilionya kwamba wadukuzi wa Korea Kaskazini hujifanya waandishi wa habari na wasomi. Mara nyingi barua ya kwanza haina dhara. Hujenga imani tu, na kiungo chenye sumu huja baadaye.

Utambuzi huanzia kwenye anwani. Jina linaloonekana juu ya barua linaweza kuandikwa na yeyote. Tazama maneno yaliyo baada ya alama ya @, herufi kwa herufi. Hata hivyo, anwani ya kawaida ya Gmail peke yake si ushahidi wa ulaghai, kwani waandishi wengi wa kujitegemea huitumia. Mwulize mhariri wake ni nani, kisha utafute mwenyewe namba ya simu ya chombo hicho na kupiga. Usitumie namba iliyomo ndani ya barua.

Mwandishi wa kweli hueleza anaandika kuhusu nini na maneno yako yatatumikaje. Hakuombi neno la siri, wala tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu yako, wala ada ya kuhojiwa. Tena hachukii kuchunguzwa.

Ikiwa umekwisha kuingiza neno la siri, libadilishe mara moja, toa vifaa vyote usivyovitambua katika akaunti, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kisha waarifu unaowasiliana nao. Kwa aliyeikimbia nchi yake, sanduku la barua hubeba majina na mahali walipo ndugu waliobaki nyumbani, na hao ndio wanaoweza kulipia kosa la kubofya mara moja.