Majitaka ya magari-nyumba yavuta wateja wa dizeli

SOKO la magari-nyumba nchini Marekani limepanda na kuporomoka katika miaka ya karibuni. Mwaka 2021 viwanda vilipeleka kwa wauzaji magari zaidi ya 600,000, lakini mwaka 2023 idadi hiyo ilishuka hadi 313,000 hivi. Wenye hisa za Thor Industries na Winnebago, kampuni zinazouza hisa zake katika soko la New York, wanaijua vizuri hali hiyo.

Hata hivyo, ipo biashara ndogo, isiyopendeza kutajwa mezani, ambayo haitegemei sana ni magari mapya mangapi yameuzwa mwaka huu. Nayo ni kupokea majitaka ya magari ambayo tayari yako barabarani.

Gari-nyumba, liwe na injini yake au la kuvutwa, huwa na jiko, bafu na choo. Chini yake kuna matangi ya aina mbili: la maji ya choo, ambalo wenyewe huliita la maji meusi, na la maji ya bafu na sinki, yaitwayo maji ya kijivu. Familia inayolala humo huweza kulijaza tangi la choo kwa siku chache. Likijaa lazima limwagwe, na kumwaga maji ya choo kando ya barabara ni kosa la kutozwa faini.

Ndiyo maana kuna vituo maalumu. Kituo ni sakafu ya saruji yenye tundu na mfuniko, pamoja na bomba la kusuuzia. Maji huelekea ama kwenye mtandao wa majitaka wa mji, ama kwenye shimo la mwenye kituo. Wakazi wa Dar es Salaam waliozoea kuona magari ya kunyonya majitaka yakielekea mabwawa ya Vingunguti wataelewa upesi, ila kule mwenye mzigo huupeleka mwenyewe.

Vituo hivyo hupatikana katika kambi za watalii, hifadhi za majimbo, baadhi ya mitambo ya majitaka ya miji na vituo vikubwa vya mafuta. Madereva huvitafuta kwa programu za simu au kwa vibao vya barabarani. Wazoefu hupiga simu kwanza, kwani vingine hufungwa majira ya baridi ili mabomba yasigande.

Matumizi yenyewe hayahitaji fundi. Dereva huvaa glavu, huunga mpira mnene kati ya gari na tundu, kisha hufungua vali ya maji ya choo kwanza. Maji ya kijivu hufuata, yakisafisha mpira. Vali ya choo haiachwi wazi siku zote, kwa sababu maji hutoka na uchafu mzito hubaki umegandamana ndani.

Sasa fedha. Ada huwa kati ya dola 5 na 25 hivi, na vituo vingine havitozi kitu. Kwa mfano, kituo kinachopokea magari 10 kwa siku kwa dola 15 kila moja hukusanya dola 150, kabla ya kulipia maji, usafi na kunyonya shimo. Hiyo si faida ya kumfanya mtu akope benki. Faida iko kwenye pampu: gari kubwa la dizeli huweza kubeba zaidi ya lita 300, na aliyekuja kumwaga hujaza papo hapo. Tena, sheria ya serikali kuu hairuhusu vituo vya mafuta ndani ya maeneo ya mapumziko ya barabara za Interstate, isipokuwa katika barabara chache za zamani, hivyo mteja huangukia mikononi mwa mfanyabiashara aliye kwenye njia ya kutokea.

Hatari kubwa ni dawa. Baadhi ya dawa za kuondoa harufu ya matangi zina formaldehaidi, ambayo huua bakteria wanaosaga uchafu shimoni. Shimo likifa, mwenye kituo hulipia ukarabati kwa ada ya dola 15. Wengine hutupa takataka kwenye tundu, au husuuzia mpira mchafu kwenye bomba la maji ya kunywa. Si ajabu wenye vituo wa binafsi hukata tamaa na kufunga.

Jimbo la Washington limechukua njia nyingine: kila anayesajili gari la aina hii hulipa dola 3 zaidi, zikiwa ni kwa ajili ya vituo vya majitaka katika maeneo ya mapumziko. Kituo cha binafsi kilicho jirani na huduma ya namna hiyo hakiwezi kutoza ada kubwa.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo anayeonyeshwa kambi au kituo cha mafuta chenye huduma hii aulize kwanza kama tundu limeungwa na mtandao wa mji. Kama ni shimo, adai stakabadhi za kulinyonya za miaka 3 iliyopita kabla ya kuzungumzia bei.