Neno "Mbuga" katika Kisukuma na Kiswahili: Maana na Asili Yake

1.0 Utangulizi

Neno mbuga halijawashughulisha sana wanaleksikografia wa Kiswahili. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni nchi tambarare iliyo wazi, yenye nyasi nyingi na miti michache, na maelezo hayo huonekana kutosha. Hata hivyo, mtu anayeuliza iliko mbuga katika vijiji vya Misungwi, Kwimba au Magu, mkoani Mwanza, huelekezwa bondeni, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, hata kama mahali hapo hapana nyasi bali pana mpunga. Makala haya yanachunguza tofauti hiyo. Yanadai kwamba katika matumizi ya Wasukuma mbuga ni jina la udongo kabla ya kuwa jina la mandhari, na kwamba kamusi inayoliacha jambo hili humpotosha msomaji wa habari za ardhi ya kanda ya Ziwa.

2.0 Mbuga na mteremko wa ardhi

Maana ya Kisukuma haieleweki neno likitazamwa peke yake. Mbuga ni kiungo kimoja katika mfululizo wa majina yanayofuata mteremko kutoka kwenye vilima vya mawe ya matale hadi bondeni. Karibu na mawe hupatikana isanga, mchanga wa chembe kubwa. Chini yake hufuata luseni, udongo mwepesi wa kichanga ulio rahisi kulimika kwa jembe la mkono. Kisha huja itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji vizuri. Mwisho, mahali maji yanapotuama, ni mbuga. Mkulima anayelitaja jina moja kati ya haya huwa amekwisha kusema shamba liko juu au chini, linashika maji kwa kiasi gani, na lafaa zao gani.

Tabia za udongo huu ndizo zinazoeleza kwa nini neno limeweza kubeba pia maana ya nchi ya nyasi. Mfinyanzi wa mbuga huvimba unaponyweshwa na mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukapasuka nyufa ndefu. Mwendo huo hukata mizizi, na maji yanayotuama huinyima hewa. Miti mingi haivumilii hali hiyo. Husalia nyasi, na migunga ya hapa na pale. Kwa hiyo uwazi ambao kamusi inauweka mbele ni matokeo. Chanzo kiko chini ya nyasi.

Wanasayansi waliliona hili mapema kuliko wanaleksikografia. Geoffrey Milne, aliyekuwa mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, alipendekeza mwaka 1935 istilahi ya katena, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, ili kueleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kwa mpangilio mmoja toka kilimani hadi bondeni. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo tayari. Neno mbuga lenyewe liliingia katika maandishi ya Kiingereza ya sayansi ya udongo, likamaanisha udongo mweusi wa bondeni, ambao katika uainishaji wa kimataifa huwekwa katika kundi la vatisoli. Ni ajabu kidogo kwamba maana mahususi ya neno la Kibantu ilihifadhiwa na wataalamu wa udongo, ilhali kamusi za Kiswahili ziliipitia mbali.

Wala mbuga si ardhi isiyo na kazi. Ni nzito kwa jembe la mkono, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa iliachwa kuwa malisho. Baadhi ya malisho hayo huhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi kwa utaratibu unaoitwa ngitili. Pembezoni na ndani ya mbuga hukingwa majaruba ya mpunga, na plau za kukokotwa na ng'ombe zimewezesha kulima mahali ambapo jembe lilishindwa.

3.0 Asili ya neno

Wanaisimu wa Kibantu wameunda upya mzizi *-buga wenye maana ya mahali peupe, palipo wazi. Ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali na Ziwa. Katika Kinyarwanda imbuga ni uwanja uliofagiliwa mbele ya nyumba. Siku hizi neno hilo limepanuliwa hadi kwenye mitandao ya kijamii, inayoitwa imbuga nkoranyambaga. Katika Kiganda embuga ni makao ya chifu, mahali ambapo watu hukusanyika kusikilizwa, na ekibuga ni mji. Mzizi uleule umewapa Waganda mji na Wasukuma bonde la nyasi. Kinachounganisha maana hizi ni uwazi: kwa wengine uwazi uliofyekwa na binadamu, kwa Wasukuma uwazi unaoletwa na udongo.

Je, Kiswahili kililirithi neno hili au kililikopa bara? Fonolojia haiamui. Neno mboga, ambalo ni la urithi, lina umbo la namna hiyohiyo, mb mwanzoni na g katikati. Hivyo mbuga ya urithi na mbuga ya mkopo zingefanana kabisa. Kilicho wazi ni kwamba wasemaji wa pwani walikuwa na nyika na uwanda kwa ajili ya nchi wazi, na kwamba misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ziwa iliwakutanisha kwa muda mrefu na Wanyamwezi, ambao lugha yao inakaribiana mno na Kisukuma. Hata ikiwa neno ni la urithi, mawasiliano hayo yalilipa nguvu.

4.0 Mbuga ya wanyama

Badiliko la karibuni zaidi limetokea ndani ya Kiswahili chenyewe. Katika usemi mbuga ya wanyama, nyasi nazo zimeanza kusahauliwa, na neno kumaanisha eneo lolote la wanyamapori waliohifadhiwa. Msemaji aweza kusema "mbuga ya Rubondo" bila kuona kasoro, ingawa kisiwa hicho, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, kimefunikwa zaidi na msitu. Lugha rasmi hutumia hifadhi ya taifa, na kwa upande huu ina usahihi zaidi. Serengeti, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1951, ni mfano wa kuvutia: nyanda zake mashuhuri za kusini mashariki zimekaa juu ya majivu ya volkano, si juu ya mbuga kwa maana ya Kisukuma. Mbuga ya Kisukuma iko upande wa magharibi, hifadhi inapokaribia Ghuba ya Speke.

Hapo tofauti ya maana huwa na uzito nje ya kamusi. Neno likishamaanisha makazi ya wanyama tu, malisho na majaruba yaliyo juu ya udongo uleule hubaki bila jina katika Kiswahili, na ardhi isiyo na jina la kazi yake ni rahisi kuhesabiwa kuwa tupu. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma hupita kwenye lango la Ndabaka. Upande mmoja ni hifadhi, upande wa pili ni nchi inayoelekea Ziwani, ambako kwa muda mrefu palikuwa na vijiji na mifugo. Kwa Kiswahili cha kila siku, mbuga iko upande mmoja wa barabara. Kwa Kisukuma, udongo mweusi unapovuka barabara, jina huvuka pamoja nao.