Kizuri Chajiuza: Mwajiri Mwenye Jina Jema Hakosi Watu

Msimu wa kuvuna zabibu ukifika hapa Dodoma, yako mashamba yanayopata watu tangu alfajiri. Yako na mengine ambayo mwenyewe hupita nyumba kwa nyumba akitafuta vibarua, asiwapate. Zabibu zikiiva hazisubiri mtu. Ndege watazila, zilizobaki zitaoza. Jasho la miezi mingi linapotea hivi hivi.

Mashamba hayo yako katika kijiji kimoja. Pengine hata ujira ni ule ule. Je, tofauti iko wapi?

Tofauti ni jina.

Kila mwajiri ana jina, apende asipende. Kibarua akirudi nyumbani jioni huulizwa habari za kazi. Atasema kama alipewa maji ya kunywa. Atasema kama alilipwa siku ile ile, au aliambiwa "njoo kesho". Maneno hayo hufika kisimani, kilabuni na mnadani. Kukicha, kijiji kizima kinajua. Ndiyo maana wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwajiri ni nani?

Wengine watasema, "Sisi ni wakulima tu, mambo ya waajiri yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Mwenye ng'ombe anayetafuta mchungaji ni mwajiri. Mwenye shamba la zabibu anayetafuta watu wa kupogoa ni mwajiri. Kikundi chenye mashine ya kusaga ni mwajiri. Chama cha ushirika kinachotafuta mtunza hesabu ni mwajiri pia.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mtu akiwa na shamba kubwa alipika pombe, akawaita majirani waje kulima. Hakuna aliyelazimishwa. Aliyekuwa mkarimu, na aliyekwenda kulima kwa wenzake, alijaza watu shambani. Bahili mwenye maneno makali alilima na mkewe.

Mtu aliyepewa namba

Sasa tutazame mambo yaliyotokea katika nchi yetu. Wakati wa ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na kwingineko yalihitaji watu wengi. Lakini kazi ya kukata mkonge ilikuwa ngumu, na ujira ulikuwa mdogo. Mtu alipewa kadi iliyoitwa kipande. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa, kadi ilitiwa alama. Alipotimiza siku 30 ndipo alipohesabiwa mshahara wake.

Watu waliochukuliwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mtu alikwenda na jina lake, akaitwa kwa namba.

Nayo mashamba yakapata jina baya. Mwenye njia nyingine ya kupata fedha, kama kulima zao lake mwenyewe, hakutaka kwenda huko. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kutafuta watu, ikajulikana kwa jina la SILABU. Ofisi hiyo ilituma watu vijijini na kugharimia safari. Yaani walilazimika kujitembeza. Mpaka leo mtu akionewa kazini husema, "Tumekuwa manamba." Angalieni jina baya linavyodumu!

Karanga za Kongwa

Mfano wa pili uko karibu zaidi, ni wa Kongwa. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga nyingi sana Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Kule Uingereza mpango ulitangazwa kwa sifa kubwa. Askari waliorudi kutoka vitani wapatao 100,000 waliomba kazi hiyo, ingawa nafasi hazikufikia hata kidogo idadi hiyo.

Kwa hiyo tangazo lilifanya kazi yake. Lakini Kongwa yenyewe ilikuwaje? Mvua zilikuwa chache. Maji yalikuwa ya shida. Udongo ulikauka, ukawa mgumu kama saruji. Mashine ziliharibika. Bei za vyakula zilipanda, na ujira wa vibarua haukutosha. Mwaka huo huo wa 1947 vibarua waligoma. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulifutwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamepotea.

Hatusemi kwamba karanga zilishindwa kwa sababu ya vibarua. Ukame na udongo ndivyo vilivyokuwa adui mkubwa. Lakini tunajifunza jambo moja: tangazo tamu huweza kuleta watu, haliwezi kuwafanya wabaki. Kinachowabakiza ni yale wanayoyakuta.

Hali ya leo

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, ujenzi umeongezeka sana mjini. Vijana wetu wanaona kazi za saruji na matofali, wanaondoka. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi sasa anashindania kibarua na fundi wa mjini. Kumlaumu kijana kuwa ni mvivu hakusaidii. Tujiulize: je, kwangu kuna nini cha kumfanya abaki?

Haya hapa ni mambo matano ya kumpatia mwajiri jina jema.

1. Lipa siku uliyoahidi. Kibarua akikopwa mara moja, jina lako limekwisha. Kama fedha itachelewa, sema kabla kazi haijaanza.

2. Sema ukweli juu ya kazi. Kama shamba liko mbali, sema. Kama jua ni kali na kivuli hakuna, sema. Mtu akijua mapema hujiandaa. Akidanganywa huondoka.

3. Mtunze mtu akiwa kazini. Maji, chakula cha mchana na mapumziko ni vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyosimuliwa. Mwite kwa jina lake.

4. Fuata sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na kama mwajiriwa hayaelewi, aelezwe mpaka aelewe.

5. Usibague. Ukiwaita ndugu zako tu, wengine hawatakuja tena, hata siku utakapowahitaji. Na mwanamke akifanya kazi ile ile, alipwe ujira ule ule.

Andika tangazo lako

Ndugu wanakisomo, hapa kusoma na kuandika kwenu kunaleta faida. Tangazo zuri ni fupi na la kweli. Mfano wake ni huu:

TANGAZO LA KAZI
Kikundi cha mashine ya kusaga, kijiji cha ............, kinatafuta mwendesha mashine mmoja.
Kazi: Kuendesha mashine, kuisafisha, na kuandika mapato katika daftari kila siku.
Muda: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 10 alasiri, pamoja na saa moja ya mapumziko. Jumamosi mwisho saa 7 mchana.
Mshahara: Shilingi ............ kwa mwezi. Hulipwa siku ya mwisho wa mwezi.
Anayetakiwa: Mwanamke au mwanamume anayejua kusoma, kuandika na hesabu.
Aonane na katibu wa kikundi kabla ya tarehe ............

Angalieni: mshahara umetajwa, na siku ya kulipwa imetajwa. Mwajiri anayeficha mambo hayo mawili huwatia watu wasiwasi. Na ninyi mnaotafuta kazi, someni tangazo mpaka mwisho. Msipoyaona mambo hayo, ulizeni kabla ya kushika jembe.

Tangazo hilo libandikwe penye watu wengi, kama ofisi ya kijiji na dukani. Lakini lisipolingana na mambo yalivyo, ni karatasi tu. Aliyefanya kazi kwako mwaka jana ndiye tangazo lako la kwanza. Yeye haandiki. Anasema, na watu wanamwamini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini mashamba ya mkonge yalilazimika kutafuta watu mbali?
2. Watu wengi waliiomba kazi ya Kongwa. Je, waliyakuta waliyoahidiwa?
3. Katika kijiji chenu, ni mwajiri gani anayependwa na vibarua? Anafanya nini ambacho wengine hawafanyi?
4. Andikeni tangazo la kazi moja inayohitajika kijijini kwenu. Msisahau mshahara na siku ya kulipwa.