Damu haina kiwanda: jua kundi lako kabla ya safari

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MWENYE kibanda katika soko la Bugolobi akiishiwa na bidhaa, hupiga simu Busia, Malaba au Mutukula, na baada ya siku moja au mbili mzigo umefika. Damu haiagizwi hivyo. Hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Mgonjwa huipata kutoka kwa binadamu mwenzake tu.

Kwa mfanyabiashara anayelala ndani ya basi la usiku kati ya Nairobi na Kampala, au anayekaa kando ya dereva wa lori, hili si somo la darasani. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, kiasi cha dumu dogo la mafuta ya kupikia. Akipoteza lita 2 kwa ghafla, maisha yake yamo hatarini.

Damu si maji mekundu tu. Ikiachwa itulie katika chupa ya maabara yenye dawa ya kuizuia isigande, hujitenga. Juu hukaa majimaji ya rangi ya manjano, yaitwayo plazima, ambayo ni asilimia 55 hivi ya damu yote. Sehemu yake kubwa ni maji, nayo hubeba chakula kilichosagwa tumboni, chumvi, homoni, kingamwili na taka zinazopelekwa kwenye figo.

Chini hukaa chembe nyekundu. Hizi huchukua oksijeni kwenye mapafu na kuisambaza mwili mzima kwa kutumia himoglobini, ambayo haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha uboho wa mifupa hutoa nyingine. Katikati huonekana utando mwembamba mweupe: humo mna chembe nyeupe, askari wa mwili dhidi ya maradhi, na chembe sahani, ambazo huziba jeraha damu isiendelee kutoka.

Ndiyo maana mfuko mmoja wa damu unaweza kusaidia zaidi ya mgonjwa mmoja. Maabara huutenganisha: chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye baridi kwa wiki 5 au 6, plazima hugandishwa na kukaa miezi mingi, lakini chembe sahani hudumu siku 5 hivi tu. Wauza samaki na nyanya wanaelewa maana ya bidhaa ya namna hiyo.

Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna alieleza kwamba damu za watu hazifanani. Leo tunajua makundi A, B, AB na O, na kila moja lina chanya au hasi. Mgonjwa akiwekewa damu isiyolingana na yake, mwili huishambulia na anaweza kufa. Chembe nyekundu za O hasi ndizo hutumika kwa dharura kabla kundi la mgonjwa halijajulikana, lakini wenye kundi hilo ni wachache Afrika Mashariki. Kundi lako halibadiliki ukivuka mpaka. Hata ukiwa na kadi, hospitali itapima tena. Usikasirike, ni kwa usalama wako.

Nchini Uganda, kazi ya kukusanya damu ni ya Huduma ya Taifa ya Damu, yenye makao Nakasero. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Wahitaji wakubwa ni mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, majeruhi wa ajali, na watoto wenye malaria kali, kwa kuwa vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu.

Kwa miaka mingi wachangiaji wengi wamekuwa wanafunzi, hivyo shule zikifungwa akiba hupungua. Shule za Uganda zilipofungwa kuanzia Machi 2020, kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa zote Januari 2022, pengo hilo lilionekana wazi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa nchi inahitaji angalau mifuko sawa na asilimia 1 ya watu wake. Kwa Waganda milioni 45.9 wa sensa ya 2024, hiyo ni mifuko 459,000 hivi kwa mwaka. Wanafunzi peke yao hawauwezi mzigo huo.

Mtu mzima mwenye afya njema na kilo 50 au zaidi anaweza kutoa mililita 450. Majimaji hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Mwanamume husubiri miezi 3 kabla ya kutoa tena, mwanamke miezi 4. Kula kwanza, kunywa maji ya kutosha, na usiendeshe gari masafa marefu siku hiyo.

Chakula cha kurudisha madini ya chuma kiko sokoni: maini, maharage, mchicha ambao hapa huitwa dodo, na mukene, ambao ng'ambo ya Busia ni omena na Mwanza ni dagaa. Kula na chungwa, na chai isubiri saa moja au mbili, kwani huuzuia mwili kufyonza chuma hicho.

Mfanyabiashara hukagua pasi na karatasi za forodha kabla ya kuondoka. Kundi la damu aliandike pamoja nazo.