Maana ya neno «ubeberu»

Neno «ubeberu» limeundwa kwa «beberu», yaani mbuzi dume, pamoja na kiambishi u- cha majina ya dhahania. Sitiari yake ni wazi: beberu hutawala kundi kwa pembe. Wanafunzi wengi hulichanganya na «ukoloni». Ukoloni ni kuitawala nchi ya wengine moja kwa moja. Ubeberu ni siasa ya kuyalazimisha mataifa mengine kwa nguvu, yawe makoloni au yasiwe. Ukoloni wa Ubelgiji nchini Kongo ulikoma tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 10 Julai askari wa Ubelgiji waliingia Elisabethville, leo Lubumbashi, pasipo idhini ya serikali ya Lumumba. Huo ulikuwa ubeberu. Asiyetenganisha maneno haya atadhani uhuru ulimaliza yote mawili.