Daftari la Kilimani linalobeba majina ya watu wa bara

ZANZIBAR. Mgeni anayeshuka boti bandarini Malindi hupelekwa Forodhani, Ngome Kongwe, kisha Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Wachache hufikishwa Kilimani, nje kidogo ya Mji Mkongwe, ziliko Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Hata hivyo, mengi ambayo kuta za mji haziwezi kusimulia yamehifadhiwa huko.

Zimo barua za masultani, mafaili ya ubalozi wa Uingereza, pamoja na miswada na vitabu vya Kiarabu ambavyo mwaka 2003 viliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Zanzibar ilikuwa na wasomi wake, na Sultani Barghash alianzisha mtambo wa kuchapisha vitabu vya dini.

Lakini kwa nchi jirani, uzito mkubwa uko kwenye daftari la mwaka 1860. Balozi wa Uingereza wakati huo, Christopher Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaacha huru watumwa wao. Maelfu waliachwa, nao wakaorodheshwa pamoja na asili zao. Wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa na kwa Wayao. Soko lenyewe halikufungwa hadi 1873, na utumwa ulipigwa marufuku kisheria visiwani mwaka 1897.

Pembe za ndovu nazo zilifuata njia ya misafara kupitia Ujiji na Tabora, nyingine zikitoka Manyema, mashariki ya Kongo. Tippu Tip, aliyetajirika kwa biashara hiyo, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905. Kwa hiyo Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, si mgeni katika historia ya bandari hii, ingawa ilifika kwa njia chungu.

Karatasi hizi zina maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya bahari, unyevu na wadudu. Kwamba urithi wa mji huu ni dhaifu kulionekana Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la 1883, ilipoporomoka na kuua watu wawili. Adui wa pili hana kelele: Kiswahili cha zamani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na vijana wengi wanaokizungumza leo hawawezi kukisoma katika maandishi hayo. Jumuiya imekifanya Kiswahili lugha rasmi; kufundisha vijana kusoma barua hizo kungekuwa kazi ya kuanzia, na nakala za daftari kupelekwa katika nchi walikotoka watu wale.

Kwa sasa, Myao wa Masasi au wa Mangochi anayetaka kulipekua daftari hilo lenyewe hana budi kuvuka maji.